Dondoo muhimu: gia za baiskeli zikigoma

Toleka, zile baiskeli za abiria za Kisangani zenye jina la Kilingala lenye maana ya “tupite”, kwa kawaida hazina gia. Kisichokuwepo hakiharibiki. Mwenye baiskeli ya mtumba yenye gia ndiye mwenye kazi.

Kibadili gia kikigoma, usikimbilie kununua kipya. Mara nyingi kosa ni waya ulioshika kutu, au grisi ya ndani iliyokauka ikawa kama gundi. Badilisha waya na ganda lake, tia mafuta mepesi, jaribu tena.

Baada ya hapo, kidole kikisukuma na bado husikii hata “tak”, kibadili gia kimekwisha. Hesabu magurudumu ya meno ya nyuma: yakiwa saba, tafuta kibadili cha gia saba, cha gia nane huenda kisilingane sawasawa. Ukikosa, kile cha kuteleza kisicho na vituo hukubali idadi yoyote. Kwa matope na vumbi letu, mimi ningeanza na hicho.

Kabla ya kufungua waya, peleka mnyororo kwenye gurudumu dogo kabisa la nyuma, waya ulegee. Waya mpya ukate kwa koleo kali. Ncha iliyochanuka haipenyi tundu. Kama mkono wa breki umeungana na kibadili gia, vyote hutoka pamoja, kwa hiyo jaribu breki kwanza kabla ya kupakia mtu.