Jakaranda inasingiziwa

Maswali ya wakazi wa Lubumbashi wenye pumu na mkamba sugu; majibu ya daktari wa mapafu.

Dokta, kila Septemba jakaranda zikichanua kifua kinanibana. Niukate mti ulio mlangoni?

Uache, mama. Chavua ya jakaranda ni nzito, inanata, na wanaoibeba ni nyuki. Septemba hiyohiyo vichaka vinachomwa, na mitaa ya Katuba na Ruashi ni vumbi tupu kwa sababu mvua ilikatika tangu Mei. Mimi nashuku moshi kwanza. Chavua inayopeperuka ni ya nyasi, nazo huchanua zaidi mvua zikielekea kwisha. Andika kwenye daftari siku unazobanwa na kilichokuwepo: moto, vumbi, nyasi zilizofyekwa.

Inaanza na chafya tu. Mapafu yanaingiaje?

Pua ikiziba unapumua kwa mdomo, na hewa inashuka bila kuchujwa. Osha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Isipotosha, kuna dawa ya steroidi ya kupuliza puani, kila siku msimu mzima. Setirizini hutuliza chafya, kifua haikifungui. Vidonge vya mzio vya zamani vinavyoleta usingizi sivipendi kwa mwenye mapafu dhaifu.

Pampu ya salbutamoli hainitoshi?

Inafungua njia kwa saa chache, uvimbe unabaki. Mwenye pumu anahitaji pia pampu ya steroidi kila siku, hata akijisikia mzima, na asukutue mdomo baada yake. Mwenye mkamba sugu aulize kwanza, dawa zake ni tofauti kidogo.

Halafu wengi dawa inaishia ulimini! Ili ifike mapafuni, chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, kavu. Toboa kitako kwa waya wa moto, tundu libane mdomo wa pampu, ziba pembeni kwa utepe. Bonyeza mara moja, vuta taratibu kupitia shingo ya chupa. Heather Zar na wenzake wa Cape Town waliijaribu kwa watoto wenye pumu. Matokeo yao ya 1999 yalionyesha inafanya kazi kama kifaa cha dukani.

Na jiko la makaa, mbabula?

Mbabula ikae nje, hata usiku wa baridi wa Juni. Ndani ya chumba kilichofungwa inaua.

Nitajuaje si mzio?

Ukikohoa wiki mbili, ukikonda, ukitoka jasho usiku au ukitema damu, kapimwe kifua kikuu. Ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikibadilika rangi, keti wima, vuta salbutamoli kwa chupa mara 4 hadi 10, moja moja, huku gari likitafutwa. Usingoje kukuche.