Maji Kabla ya Spana: Kubadilisha Betri ya Gari Nyumbani Bila Kuhatarisha Macho

Utangulizi

Betri ya gari imekuwa chombo cha nyumbani. Zamani ilikaa chini ya boneti na kushughulikiwa na fundi wa gereji. Leo tunaikuta pia sebuleni na dukani, ikiwasha taa na televisheni kwa nguvu ya jua. Wenye magari wengi huibadilisha wenyewe uani, na kazi yenyewe si ngumu: huhitaji spana moja au mbili na muda mfupi tu. Hata hivyo, ndani ya lile sanduku la plastiki mna vitu vitatu vinavyoweza kumdhuru mtu kwa nukta moja, navyo ni tindikali, gesi inayolipuka na umeme mwingi. Kiungo kinachoinamia vitu hivyo kwa karibu zaidi ni jicho.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mwenye gari, jamaa zake, na mhudumu wa afya atakayempokea endapo ajali itatokea. Shabaha yake ni moja: kuonyesha kwamba hatima ya jicho lililoingiwa na tindikali huamuliwa mara nyingi katika dakika za mwanzo, palepale penye gari, kabla ya daktari yeyote kuonekana. Kwa hiyo chombo cha kwanza cha kazi hii si spana, bali ni maji.

Kilichomo ndani ya betri

Betri ya kawaida ya volti 12 ina vyumba sita. Kila chumba kina mabamba ya madini ya risasi yaliyozama katika asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Betri ikiwa imejaa chaji, asidi hiyo ni zaidi kidogo ya theluthi moja ya uzito wa mchanganyiko wote. Watu huuita mchanganyiko huo “maji ya betri”, jina linalopotosha, kwani maji hayo hutoboa nguo, huunguza ngozi na hubabua jicho. Ubaya huzidi pale yanapowekwa katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, mahali ambapo mtoto anaweza kuyafikia.

Jambo la pili ni gesi. Betri inapochajiwa, hutoa haidrojeni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikifikia asilimia 4 tu ya hewa iliyopo, cheche ndogo yatosha kuilipua. Cheche hiyo yaweza kutoka katika sigara, kiberiti kilichowashwa ili kuchungulia kina cha maji ya betri, au spana iliyogusa mahali pasipostahili. Mlipuko huo hupasua sanduku na kurusha tindikali pamoja na vipande vya plastiki usoni mwa aliyeinama.

La tatu ni umeme. Volti 12 hazimrushi mtu, na ndiyo sababu watu huzidharau. Lakini spana au pete ikiunganisha ncha mbili za betri, mamia ya ampea hupita kwa mara moja. Chuma huwa chekundu, na pete huunguza kidole pande zote kabla haijavuliwa.

Maandalizi

Liegeshe gari mahali tambarare, nje penye hewa, mbali na jiko la mkaa. Zima injini na taa zote, toa ufunguo, vuta breki ya mkono, kisha uache injini ipoe. Waondoe watoto, na asiwepo mtu anayevuta sigara. Ikiwa giza limeingia, tumia tochi. La sivyo ngoja asubuhi.

Vua pete, saa, bangili na mkufu. Vaa miwani ya kinga inayoziba pembeni, kwa kuwa miwani ya kusomea huacha nafasi ya tindikali kupenya. Vaa glavu za mpira na nguo ya mikono mirefu.

Mwisho wa maandalizi, leta ndoo au dumu la lita 20 la maji safi pamoja na jagi, uviweke hatua mbili tatu kutoka kwenye gari. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani akae karibu. Aliyeingiwa na tindikali hufumba macho kwa maumivu, na hawezi kulitafuta bomba peke yake.

Kutoa na kufunga

Kabla ya kugusa chochote, tambua ncha mbili za betri: chanya yenye alama ya kujumlisha (+) na hasi yenye alama ya kutoa (−). Usitegemee rangi za waya pekee, kwani huenda fundi aliyetangulia alizibadilisha. Soma pia kitabu cha gari, kwa sababu baadhi ya magari yana utaratibu wake. Katika magari ya umeme na yale ya mseto, usiguse kamwe nyaya nene za rangi ya machungwa.

Katika magari ya kawaida utaratibu ni huu:

1. Legeza na uondoe kwanza waya wa ncha hasi, uusogeze mbali usije ukairudia.
2. Ondoa waya wa ncha chanya.
3. Fungua kibano kinachoishikilia betri.
4. Inyanyue betri ikiwa wima, kwa kukunja magoti wala si kwa kuinamisha mgongo. Betri nyingi zina uzito wa kilo 10 hadi 20, hivyo ni vyema kusaidiana.
5. Weka betri mpya iliyo na ukubwa uleule na ncha zilizo upande uleule, kisha uikaze kwa kibano.
6. Funga ncha chanya kwanza, na hasi mwisho.

Sababu ya hasi kutangulia kutoka na kuchelewa kurudi ni kwamba bodi nzima ya gari imeunganishwa nayo. Ukianza na chanya, na spana ikagusa bodi, umekwisha kuunganisha ncha mbili kwa chuma kilichomo mkononi mwako. Hasi ikiwa imeondolewa, spana yako hata ikigusa bodi haitatoa cheche.

Ule ungaunga mweupe au wa kijani unaoota kwenye ncha usipulizwe kwa mdomo wala kukwanguliwa kwa kucha. Uoshe kwa maji yenye bikaboneti ya soda, ile inayoumulia keki, huku umevaa miwani. Ikiwa betri mpya imeuzwa ikiwa kavu, acha muuzaji aijaze tindikali na kuichaji kwake. Usiibebe tindikali nyumbani. Na betri iliyovimba, iliyopasuka au inayovuja si ya kushughulikiwa uani. Mwite fundi.

Tindikali ikiingia machoni

Mwoshe mara moja. Usianze kutafuta gari, kupiga simu wala kuuliza dawa. Mgonjwa alale au akae akiwa ameinamisha kichwa upande wa jicho lililodhurika, ili maji yasitiririkie jicho la pili. Msaidizi afungue kope kwa vidole na kumimina maji taratibu, mfululizo, kutoka upande wa pua kuelekea sikioni. Mgonjwa ageuze jicho juu, chini, kulia na kushoto. Lenzi ya macho, ikiwapo, itolewe wakati wa kuosha. Endeleeni kwa dakika 30 bila kukatisha, ndipo mwende hospitali, hata kama maumivu yametulia. Maji safi ya kunywa yaliyo karibu ni bora kuliko maji ya dawa yaliyo mbali.

Yapo mambo ambayo hayafai. Usitie bikaboneti, chumvi, sukari, maziwa ya mama, maji ya majani wala mkojo ndani ya jicho. Vitu hivyo huongeza uchafu na kula dakika zilizopaswa kutumiwa na maji. Usinunue dawa ya matone dukani kabla ya kupimwa.

Ikiwa betri imelipuka, fikiri pia juu ya kipande kilichochoma jicho. Osha kwa upole bila kulikandamiza, usichomoe kitu kilichokwama, na ulikinge jicho kwa kifuniko kigumu kisicholigusa. Tindikali ikimwagikia ngozi, vua nguo zilizolowa na uoshe kwa maji mengi. Ikimezwa, msukutue mdomo, usimtapishe mgonjwa, mpeleke hospitali haraka.

Kwa mhudumu wa afya

Mgonjwa wa kemikali ya macho hapangi foleni. Usimwandikie faili kwanza wala usimpime uwezo wa kuona kwanza, mwoshe kwanza. Hata kama ameoshwa nyumbani, pima pH ya jicho. Pasipo karatasi maalumu, kisanduku cha pH kwenye kijiti cha kupimia mkojo huweza kusaidia. Weka tone la ganzi, unganisha chupa ya salini au Ringa lakteti kwenye mpira wa dripu, na uoshe. Geuza kope la juu na upanguse mikunjo yake kwa pamba yenye unyevu, kwa maana mabaki hujificha humo. Simama unapofikia pH ya 7.0 hadi 7.4, subiri dakika 5, kisha upime tena. Ikiwa imebadilika, rudia kuosha.

Baada ya hapo pima uwezo wa kuona, tumia rangi ya fluoresini, na tazama ukingo wa konea. Ukingo uliopauka kwa kukosa damu ni dalili mbaya kuliko wekundu, na kadiri sehemu iliyopauka inavyoenea ndivyo matumaini yanavyopungua. Jicho jekundu sana linalouma laweza kupona vizuri. Jicho jeupe lililotulia laweza kuwa ndilo lililoungua zaidi. Ikiwa hakuna tundu, weka mafuta ya macho ya kiuavijasumu na umpe rufaa siku hiyohiyo. Usimpe mgonjwa dawa ya ganzi kwenda nayo nyumbani, kwani huchelewesha konea kupona.

Betri kuukuu

Hatari haiishi betri inapotoka garini. Risasi iliyomo hudhuru ubongo wa mtoto, na madhara hayo hayarudi nyuma. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar nchini Senegal, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 mahali ambapo risasi ya betri kuukuu ilikuwa ikitolewa na kukusanywa. Kwa hiyo usiivunje betri, usimwage tindikali yake mtaroni, wala usiyeyushe risasi yake jikoni ili kutengeneza vizamisho vya nyavu. Ihifadhi ikiwa wima mahali penye kufuli, kisha uirudishe kwa muuzaji.

Hitimisho

Kubadilisha betri ni kazi ambayo mtu makini aweza kuifanya nyumbani. Ajali yake ni ya nukta moja, na tiba yake ya kwanza haina gharama, ila hukosekana kwa kuwa haikuandaliwa. Kabla ya kufungua boneti, hakikisha unaweza kujibu maswali haya:

1. Maji yako wapi, na nani atakayeyamimina?
2. Ni waya upi unaotoka kwanza, na kwa nini?
3. Betri ya zamani itapelekwa wapi, na italala wapi usiku wa leo?

Asiye na jibu la swali la kwanza aiweke spana chini, akachote maji.