Kielelezo cha Nyumba Darasani: Lini Husema Kweli, Lini Hudanganya

Kila mwanafunzi hulala usiku chini ya paa, na asubuhi huingia darasani chini ya paa jingine. Walakini ni wachache mno wawezao kueleza ni kwa sababu gani mapaa hayo hayawaangukii. Fizikia huwafundisha kani na wenzo, na hesabu huwafundisha uwiano, lakini masomo hayo hayakutani ila ubaoni. Hasara yake si ndogo. Mnamo Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji la Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Mnamo Novemba 16, 2024, jengo jingine la ghorofa liliporomoka huko Kariakoo, nalo likaua watu wengi. Makala haya hayachunguzi chanzo cha maafa hayo. Yanakusudia jambo la chini zaidi, ambalo ndilo la kwanza: kumwezesha kijana alitazame jengo na kuuliza maswali yafaayo juu yake. Njia iliyo nyepesi kuliko zote ni kumfanya ajenge kwa mikono yake, kwa umbo dogo.

Njia hii si ngeni. Friedrich Froebel, mwalimu wa Kijerumani aliyeanzisha shule ya watoto wadogo mwaka 1837, aliwapa watoto matofali madogo ya mbao ili wajenge na kubomoa. Katika shule za namna hiyo watoto walitumia pia vijiti vilivyounganishwa kwa mbegu zilizorowekwa, nazo zikikauka huvishika vijiti kwa nguvu. Frank Lloyd Wright, msanifu mashuhuri wa majengo wa Marekani, aliandika uzeeni mwake kwamba matofali hayo ya Froebel hayakumtoka vidoleni maisha yake yote. Mwalimu asidhani kwamba ni lazima aagize vifaa kutoka ng'ambo. Katika chuo cha Ulaya nilikosoma, wanafunzi walinunua mbao laini kwa bei kubwa. Sikuona kwamba walijifunza zaidi ya atakavyojifunza mtu mwenye boksi kuukuu, wembe, uzi, udongo wa mfinyanzi, dengu zilizorowekwa usiku kucha, gundi ya unga wa muhogo na vijiti vya ufagio wa chelewa.

Kazi ya kwanza iwe kupima darasa lenyewe. Ikiwa hakuna utepe wa kupimia, kamba ya katani yenye fundo kila baada ya mita moja yatosha. Uwiano wa 1:20 ni mwafaka: sentimita 5 za kielelezo husimama badala ya mita 1 ya jengo. Darasa la mita 8 kwa 6, lenye kuta za mita 3, litakuwa boksi la sentimita 40 kwa 30, kimo chake sentimita 15. Kisha kila mwanafunzi akate umbo la mtu katika karatasi ngumu kwa uwiano uo huo. Mwenye kimo cha mita 1.60 atakuwa na sentimita 8. Umbo hili lisiachwe kamwe. Bila ya mtu ndani yake, kielelezo hugeuka mwanasesere, na mjenzi wake hukata mlango wa kupita paka au dirisha ambalo hakuna awezaye kulifikia.

Kielelezo kikiisha, kipelekwe nje juani na kuelekezwa kwa dira kama darasa lilivyoelekea. Vivuli vitakavyoonekana ndani yake ndivyo vivuli vya darasa lenyewe saa ileile, kwa kuwa miale ya jua huja kwa pembe moja, na pembe haibadiliki kwa udogo wa umbo. Hapa kielelezo husema kweli tupu. Wanafunzi wa Dar es Salaam watakuta kwamba mwezi wa Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, kama nyuzi 60 juu ya upeo wa macho, na mwezi wa Desemba liko upande wa kusini, kama nyuzi 73. Jua la juu kiasi hicho huzuilika kwa upenu mfupi tu. Lakini jua la alasiri huingia likiwa chini, na hakuna upenu wa kulizuia; atakayekizungusha kielelezo mpaka madirisha yatazame magharibi ataliona mwenyewe likifika kwenye ukuta wa pili.

Sasa tufikie jambo gumu, ambalo walimu wengi wa kazi za mikono hulipita. Kielelezo cha boksi kikisimama, je, jengo lake nalo litasimama? La, haitoshi. Galileo Galilei alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1638, juu ya boriti na juu ya mifupa ya wanyama. Umbo likikuzwa mara 20 kwa urefu, upana na kimo, eneo la mkato wa nguzo zake huongezeka mara 20 × 20, yaani 400. Bali uzito wake huongezeka mara 20 × 20 × 20, yaani 8,000. Kwa hiyo kila sentimita ya mraba ya nguzo hubeba mzigo ulio mara 20 ya ule wa mwanzo, ilhali kitu kilichojengewa ni kilekile. Jaribio lake ni rahisi. Finyanga mihimili miwili ya udongo mbichi ulio laini: wa kwanza urefu wa sentimita 10 na unene wa sentimita 1, wa pili urefu wa sentimita 40 na unene wa sentimita 4. Maumbo yao ni sawasawa. Ilaze kila mmoja ncha zake zikiwa juu ya vitabu. Mdogo hukaa kimya. Mkubwa hunepa, na mara nyingi hukatika kwa uzito wake wenyewe.

Mjenzi hushindana na kunepa huko kwa umbo, wala si kwa kuongeza vitu tu. Rula yenye upana wa milimita 30 na unene wa milimita 3 hupindika upesi ikilazwa. Isimamishwe kwa ukingo wake, na ugumu wake dhidi ya kupindika huwa mara 100, kwa kuwa ugumu hufuata kimo kikizidishwa mara tatu kwa chenyewe. Karatasi iliyolazwa kati ya vitabu viwili haiwezi kubeba hata sarafu. Ikikunjwa mikunjo ya kwenda na kurudi, hubeba sarafu kadhaa. Ndiyo maana bati la paa lina migongo. Kadhalika, vijiti vinne vya chelewa vikiunganishwa kwa dengu kuwa pembenne, huyumba kwa kusukumwa na kidole. Kijiti kimoja cha mshazari kikitiwa, umbo huwa pembetatu mbili na kuyumba hukoma. Baada ya hapo, wapeleke wanafunzi wakaitazame kenchi ya paa la shule.

Lipo umbo moja ambalo kwalo kielelezo kidogo ni shahidi mwaminifu hata katika kusimama kwake, nalo ni tao. Mwaka 1675 Mwingereza Robert Hooke alitangaza kwa fumbo la herufi kwamba, jinsi mnyororo unavyoning'inia, ndivyo, ukigeuzwa juu chini, tao litakavyosimama. Mnyororo huvutwa tu. Tao lenye umbo lake hugandamizwa tu, na mawe hupenda kugandamizwa. Ning'iniza mkufu mbele ya karatasi, chora mpindo wake, kisha chora mpindo wa pili sentimita 3 nje yake. Tandaza udongo, kata utepe huo, ugawe vipande 9 kwa mikato inayokwenda sawa na upana wake, na uviache vikauke. Vipange vikiwa vimelala juu ya ubao, ncha zote mbili zikiwa zimezuiliwa, ndipo uinue ubao polepole mpaka tao lisimame, kisha uuondoe. Litasimama bila gundi. Tao la nusu duara ambalo unene wake haufikii sehemu moja ya kumi ya nusu kipenyo chake huanguka, liwe la udongo mezani au la mawe msikitini, kwa sababu hapa jambo lenyewe ni umbo, wala si nguvu ya kitu. Antoni Gaudí wa Hispania alitumia siri hiyo: aliligundua umbo la kanisa la Colònia Güell kwa nyuzi zilizoning'inizwa pamoja na vifuko vya risasi.

Mwambao wetu wenyewe una mfano ulio bora. Katika nyumba za kale za mawe huko Lamu, vyumba ni virefu lakini vyembamba, na upana wake kwa kawaida ni baina ya mita 2.5 na 3. Juu ya kuta zimelazwa boriti za mikoko, na juu ya boriti mawe ya matumbawe na chokaa, mzigo ulio mzito sana. Upana wa chumba uliamuliwa na mti. Wanafunzi wajenge chumba hicho kwa uwiano wa 1:20, upana wa sentimita 14, kwa boriti za chelewa, na watandaze vifuko vya mchanga juu yake; kisha wajenge cha sentimita 28 kwa chelewa za unene uleule na mzigo uleule kwa kila sentimita. Urefu umeongezeka mara 2, bali kunepa huongezeka mara 16.

Mafundi wa Kilwa Kisiwani walikiepuka kikomo cha boriti katika Msikiti Mkuu kwa kutumia matao na kuba. Lakini tao nalo lina deni lake: husukuma kwa nje pale linapokanyaga. Upanuzi wa karne ya 14 wa msikiti huo uliporomoka, ukajengwa upya katika karne ya 15. Basi darasa lirudi kwenye tao lake la udongo, vitabu vikiwekwa mahali pa kuta pande zote mbili, na mwanafunzi mmoja asogeze kitabu kimoja nje kidogo kidogo, milimita kwa milimita, huku wenzake wakiangalia ni katika maungio yapi ufa wa kwanza unafunguka, na kama unafunguka kwa juu au kwa chini.