Pawa Saplai ya Amplifaya: Pima Volti Kabla ya Kuunganisha

Kijitabu kwa mafundi wa redio wa Bujora na Kisesa

Kila Juni Bujora hufurika watu wa sikukuu ya Bulabo, huku vikundi vya Bagika na Bagalu vikishindana kwa ngoma, na sauti ya msemaji lazima iwafikie wote. Fundi anayejiundia amplifaya kwa shughuli kama hii aanze na pawa saplai, maana ndiyo huamua kama saketi itadumu au itaungua.

1. Jua kikomo cha IC
IC ya amplifaya TDA2050 haipaswi kupewa zaidi ya volti 25 upande wa chanya na 25 upande wa hasi.

2. Chagua transfoma
Volti zilizoandikwa kwenye transfoma ni za AC. Zikipita kwenye diodi nne na kapasita, huongezeka takribani mara 1.4. Transfoma ya 15-0-15 hutoa kama volti 20 za DC kila upande: inafaa. Ya 18-0-18 hutoa karibu 25. Umeme wa nyumbani wa volti 230 ukipanda kidogo tu, kikomo kimevukwa. Kwa chaneli mbili za wati 25, tafuta transfoma ya VA 80 hadi 100.

3. Chagua kapasita
Kapasita ni kama pipa linalojazwa mara 100 kwa sekunde na kuchotwa muda wote. Likiwa dogo, spika huvuma. Weka angalau mikrofaradi 4700 za volti 35 kila upande.

4. Pasipo na umeme wa gridi
Tumia betri ya volti 12 na IC iliyoundwa kwa volti 12. TDA2050 kwenye betri hiyo itatoa wati chache tu.

5. Linda maisha
Volti 230 zinaua. Weka fyuzi kwenye waya wa laini kabla ya transfoma, na unganisha kasha la chuma na waya wa ardhi.

6. Jaribu bila IC
Pitisha waya wa laini kwenye balbu ya zamani ya wati 60, ile ya waya mwembamba ndani. Ikiwaka ghafla kisha ikafifia, hakuna shoti. Ikibaki inawaka sana, kuna shoti: chomoa plagi. Balbu ikififia, chomoa plagi, ondoa balbu na uunganishe waya wa laini moja kwa moja, rudisha umeme, kisha pima DC kwa mita. Volti zikikaribia 25, usiunganishe IC, badilisha transfoma. Kabla ya kugusa chochote, chomoa plagi na uhakikishe kapasita zimeisha chaji.