Halali Haiishii Kwenye Kisu

Muhula uliopita watu wanne wa chumba chetu tuliumwa matumbo baada ya kula nyama ya bucha moja. Mwenzetu mmoja alikuwa ametahadharisha kuwa paja lile halina muhuri wa mkaguzi. Mimi ndiye niliyemjibu: "Mchinjaji ni Muislamu, kapiga Bismillahi, wataka nini tena?" Kwa kuwa nasomea dini, akanyamaza.

Jibu langu lilikuwa nusu. Suratul Baqara, aya ya 168, imetaja halali pamoja na twayyib, yaani kilicho kizuri, kisichodhuru. Kisu kinatimiza la kwanza. La pili hutazamwa ngozi ikishachunwa: mkaguzi hupasua ini kutafuta minyoo, hukata misuli ya taya kutafuta vifuko vya tegu, hutazama mapafu na tezi kwa ajili ya kifua kikuu. Mchinjaji hawezi kuyaona hayo wakati anachinja, hata awe mchamungu vipi.

Wala ukaguzi si jambo tuliloletewa na Wazungu. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni, vidole vikatoka na unyevu, akamkemea muuzaji kwa kuficha kilicholowa, kisa hicho kimo katika Sahihi Muslim. Baadaye kazi hii ikawa na mwenyewe, muhtasib. Katika karne ya 12 ash-Shayzari aliandika kitabu cha kumwongoza: nyama isining'inizwe nje ya duka ikagusa nguo za wapita njia, ya mbuzi isichanganywe na ya kondoo, na gogo la kukatia linyunyiziwe chumvi kazi ikiisha ili mbwa wasilirambe. (Nilipofika hapo kwenye gogo nilicheka peke yangu maktaba. Mnayajua magogo yetu.)

Januari 2018 wakuu wa jiji la Kampala walifunga bucha zilizoshukiwa kupaka nyama fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti. Bismillahi ya mchinjaji haiondoi fomalini.

Kwenye mishikaki ya njiani muhuri hauonekani tena. Hapo muulize mchomaji amenunua wapi. Akikasirika, nunua chapati.

Yule mwenzetu nimemwomba radhi. Siku hizi twaenda bucha pamoja: yeye anatazama muhuri, mimi nauliza nani kachinja.