Kinywaji cha Mtoto Mdogo

Mama, mtoto wako analia kwa kiu. Utamnywesha nini?

1. Mtoto asiyetimiza miezi 6 anyonye maziwa ya mama tu. Usimpe hata maji.

2. Akipita miezi 6, endelea kumnyonyesha, tena mpe maji yaliyochemka, yaliyofunikwa vizuri. Maji ya ziwa Kivu yanaonekana safi. Lakini mwaka 1994, kule Goma, yalieneza kipindupindu kilichoua maelfu ya watu.

3. Chai huzuia chakula kumwongezea damu. Soda huozesha meno. Kasiksi usimwonjeshe hata kidogo; pombe ni sumu kwake.

4. Akihara, usimnyime titi wala kinywaji chake. Mzidishie, umlete hospitali upesi.

Ulizo: Je, maji ya nyumbani mwako yamechemshwa leo?