Vifaa vya Kupandia Kilimanjaro: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Wengi wanaopanda Kilimanjaro kwa mara ya kwanza hufungasha kwa hali ya hewa ya getini. Geti la Marangu liko chini ya mita 2,000. Pale sweta moja inatosha, na kiatu chochote kinapendeza pichani. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi sita, na usiku wa kwenda kileleni, ambao safari yake huanza karibu saa sita, unaweza kukukuta na nyuzi 15 chini ya sifuri, bado hujahesabu upepo. Chagua kila kitu kwa ajili ya usiku huo. Kinachokufaa saa tisa usiku juu ya Kibo kitakufaa njia nzima. Kinachokufaa getini hakikuahidi chochote.

MAMBO YA KUFANYA

1. Anza na miguu. Jaribu buti jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa umevaa soksi nzito utakayopandia. Kisha tafuta ngazi au mteremko ushuke kwa kishindo. Vidole vikigonga mbele, liache, hata kama bei ni ya kutupa. Kucha haziharibiki wakati wa kupanda; zinaharibika wakati wa kushuka, na njia ya Mweka inakushusha zaidi ya mita 4,000 kwa siku mbili. Ukishalipata, livae wiki kadhaa kazini, sokoni na kanisani au msikitini. Malengelenge yatoke ukiwa karibu na beseni lako la maji ya chumvi.

2. Kagua mtumba bila huruma. Kwenye masoko ya Memorial pale Moshi, Karume jijini Dar es Salaam na Gikomba ya Nairobi kuna vifaa vizuri kuliko vingi vya dukani, lakini kuna mtego mmoja wa kuujua. Buti lililokaa stoo Ulaya miaka kumi laweza kuonekana jipya kabisa, kumbe soli ya kati, ile ya povu la poliuretani, imeshaoza kwa unyevu wa hewa bila hata kuvaliwa. Ibonyeze kwa kidole gumba, kisha ukunje kiatu. Ukiona nyufa nyembamba au unga ukidondoka, rudisha chini. Soli ya namna hiyo haitoboki. Inabanduka yote kwa mara moja, mara nyingi siku ya pili au ya tatu ya safari. Jaketi la mvua nalo ligeuze ndani nje. Utepe uliobandikwa juu ya mishono ukiwa unabanduka, au bitana inapukutika magamba, hilo ni jaketi la upepo tu.

3. Vaa kwa tabaka. Ndani ni fulana ya poliesta au ya sufu inayobana mwili. Katikati ni jaketi la manyoya ya flisi, na kwa usiku wa kileleni uongeze jaketi nene lililojazwa. Nje ni koti na suruali visivyopitisha maji wala upepo. Tabaka tatu zinakuruhusu kuvua unapotoka jasho na kuvaa unaposimama. Koti moja kubwa linakuchemsha kwanza, kisha linakugandisha.

4. Soma lebo ya mfuko wa kulalia. Mifuko ya viwango huwa na namba tatu. Ya kwanza ni joto ambalo mtu wa kawaida atalala kwa raha. Ya pili ni mpaka wa kuvumilia. Ya tatu, ambayo wauzaji hupenda kukuonyesha kwa sababu ndiyo kali zaidi, ni kiwango cha kunusurika tu. Nunua au kodi kwa kufuata ya kwanza. Ukikodi Moshi, ingia ndani ya mfuko palepale dukani, funga zipu hadi shingoni na uifungue mara tano. Mfuko ukisinyaa kama chapati ya jana, umekwisha joto. Na anayepita Marangu asijidanganye: vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo vina magodoro, ila mfuko ni wako.

5. Panga maji ya usiku wa mwisho. Mfuko wa maji wenye mpira wa kunywea ni mzuri siku zote isipokuwa usiku ule: mpira huganda, ukabaki umebeba maji usiyoweza kuyafikia. Chukua chupa ngumu zenye mdomo mpana, jaza maji ya moto, zivishe soksi, kisha zigeuze kichwa chini ndani ya begi. Barafu huanza kujijenga juu. Chupa ikiwa imepinduliwa, mdomo unabaki wazi.

6. Beba tochi ya kichwani, na betri za akiba mfukoni mwa ndani. Baridi hunyonya betri. Za lithiamu huvumilia zaidi kuliko za kawaida. Simu nayo ikae karibu na mwili, la sivyo itazimika kabla hujapiga picha uliyoipandia mlima.

7. Begi la mgongoni likae kiunoni. Mkanda wa nyonga ndio ubebe uzito mwingi, mabega yasawazishe tu. Humo weka koti la mvua, sweta, chakula na maji, kwa sababu mzigo wako mkubwa utakuwa mbele na mpagazi, na mvua ya msituni haikusubiri umfikie.

MAMBO YA KUTOFANYA

1. Usipande na jinzi wala fulana ya pamba. Pamba hunywa jasho na kulishikilia, na nguo mbichi mwilini juu ya mita 4,000 ni hatari kuliko kukosa nguo ya pili. Jinzi ikilowa kwenye msitu wa Machame, utashuka nayo ikiwa bado mbichi.

2. Usivae soksi mbili nzito ili kujaza kiatu kikubwa. Mguu uliobanwa haupati damu, na mguu usio na damu hauna joto, uuvike utakavyo.

3. Usipande na glovu za bodaboda. Zinazuia upepo wa barabara ya Himo, basi. Vaa nyembamba ndani na nene ya kidole gumba peke yake juu yake, ili vidole vinne vipashane joto.

4. Usidharau miwani ya jua. Jua likichomoza ukiwa karibu na barafu, mwanga hukupiga kutoka juu na kutoka chini. Macho huungua kama ngozi, na maumivu huanza saa kadhaa baadaye, wakati unashuka kwenye mawe. Miwani ya urembo isiyozuia miale ya urujuanimno yaweza kuwa mbaya kuliko kutovaa, kwa kuwa giza lake hupanua mboni.

5. Usiende na mfuko wa rambo. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na chupa za maji za kutupa haziruhusiwi mlimani. Nguo zako zifunge kwenye mifuko ya kitambaa isiyopitisha maji, ndani ya begi. Usitegemee kifuniko cha nje cha begi. Maji hupenya mgongoni.

6. Usiwashe jiko ndani ya hema, liwe la gesi au la mkaa, hata kwa dakika tano za kupasha mikono. Hewa ya sumu inayotokana na moto haina harufu, na mtu huondoka usingizini. Hema lina kazi ya kuzuia upepo na mvua. Joto ni kazi ya mfuko wa kulalia na ya mkeka ulio chini yako, ambao wengi huuacha nyumbani wakidhani baridi inatoka juu tu. Ardhi inanyonya zaidi.

7. Usimtwishe mgumu, yaani mpagazi, uzembe wako. Mzigo anaokubebea haupaswi kuzidi kilo 20, na mizani ipo getini. Spika, viatu vya akiba vya kupigia picha na chupa kubwa ya losheni vibaki hotelini. Kabla ya kulipa kampuni, uliza wapagazi wanalala wapi na wanavaa nini. Mteja mwenye jaketi la dola mia tatu, akiongozana na kijana aliyevaa raba zilizotoboka, amechagua vifaa vibaya.

8. Usifiche kifaa kilichokufa. Soli imebanduka, mfuko umelowa, glovu moja imepotea: mwambie kiongozi mkiwa Horombo au kambi ya Barafu, kabla ya saa sita usiku, wakati bado kuna cha kuazima au nafasi ya kuamua kurudi. Anayenyamaza ili asirudishwe huishia kwenye machela ya gurudumu moja, na wanaoisukuma kushuka nayo ni wagumu walewale waliokwisha kubeba mizigo yake wakati wa kupanda.